Ng'ombe Aliyeachwa Leseru

Jumapili, 5 Julai

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ninaliandika hapa kwa sababu daftari halina uso wa kunitazama. Shuleni wanadhani baba yangu ana kampuni ya magari. Linet aliniuliza tulipoingia kidato cha kwanza, "Babako hufanya nini?" Nikasema, "Mambo ya usafiri." Hakuuliza zaidi, nami sikusahihisha. Baba ni fundi baiskeli. Anakaa chini ya mabati mawili kando ya barabara hapa mtaani Tuwan, Kitale, na mikono yake hunuka grisi hata siku ya Krismasi. Nikitoka shule na wenzangu huwa ninapitia njia ya nyuma, ile yenye matope.

Leo binamu yangu Mukhisa amekuja kutoka Bungoma kumwalika baba kwenye tohara yake mwezi ujao. Alikuja na wenzake wawili, njuga mikononi, wakacheza uani mpaka majirani wote wakatoka nje. Baba ni khocha wake, yaani ndugu ya mama yake, na kwetu Wabukusu siku hiyo khocha huangaliwa kuliko hata baba mzazi. Ng'ombe waliolipwa alipoolewa mama yake Mukhisa, senge Agneta, yaani shangazi yangu, ndio baba aliowapeleka kumwoa mama. Kwa hiyo nyumba yetu yote imetoka kwa senge, na mtoto wa senge akitahiriwa, khocha humvisha ukanda wa nyama ya kifua shingoni na kumpa ng'ombe.

Baba hana ng'ombe. Alimtazama Mukhisa akatabasamu. "Nitakupa ng'ombe ambaye hakuna kijana Bungoma amewahi kupewa," alisema. "Hali nyasi, haumwi na kupe."

Mukhisa alicheka. Mama hakucheka.

Alhamisi, 9 Julai

Mvua. Mtihani wa hesabu. Nadhani nimepita.

Jumapili, 19 Julai

Ng'ombe mwenyewe ni baiskeli. Baba ameiunda kutoka kwa tatu zilizokufa: fremu ya moja, magurudumu ya nyingine, keria ya nyingine. Akimaliza kazi za watu jioni ndipo anaishika. Ameipaka rangi ya kijani. Kila spoku ameipiga kwa kucha akisikiliza, kama mtu anayetega sikio redioni.

Mama alimwambia, "Baba Emmy, watu wa Hesbon watakucheka." Hesbon ni mume wa senge.

"Wacheke," baba alisema. "Wakimaliza kucheka watapanda."

Leo amefunga chini ya usukani kengele ya ng'ombe, ile nzito ya marehemu babu, na mbele ameweka kamba ya katani, ili Mukhisa akabidhiwe kamba mkononi kama kijana mwingine yeyote. Baiskeli ikiingia kwenye shimo, kengele inalia kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Watoto wa ploti waliifuata barabarani wakipiga miluzi. Nilikuwa ndani ninasoma riwaya. Nikafunga dirisha.

Jumatatu, 27 Julai

Imeamuliwa niipeleke mimi. Mukhisa anaihitaji mapema azunguke kuwaalika jamaa, na baba hawezi kuacha kazi mpaka karibu na siku yenyewe. Hataki iende kwa matatu. Anasema makanga huifunga juu ya gari miguu juu kichwa chini, ikifika madigadi yamepinda. Lakini likizo hii kuna treni ya abiria kutoka hapa Kitale, na baiskeli ikilipiwa nauli inapewa nafasi kwenye behewa la mizigo.

"Inasimama kwa miguu yake," baba anasema, "kama abiria mwenye heshima."

Treni yetu inaishia Leseru, reli yetu inapokutana na ile kubwa. Hapo tutapanda inayotoka Eldoret kwenda Bungoma. "Ukifika Leseru, shuka wewe mwenyewe uihamishe," baba amenirudia tena na tena. "Gadi wa treni hahamishi baiskeli ya mtu. Isipochukuliwa inabaki."

Ijumaa, 31 Julai

Tumefunga shule. Linet na Chesang wanapanda treni hiyo hiyo kesho. Linet kwao ni Bungoma. "Emmy, si utakaa na sisi?" aliniuliza. Miaka karibu mitatu sijawahi kualikwa kukaa nao mahali. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka kengele.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimefika kwa senge. Siwezi kuandika.

Jumapili, 2 Agosti

Nimesema ninaumwa na kichwa ili nisiende kanisani. Nitaandika yote.

Jana tulifika steshoni mapema kwa sababu mimi ndiye niliyetaka tufike mapema. Baba alifunga kadi yenye nambari kwenye usukani, akaisaidia baiskeli kupanda kwenye behewa la mizigo, akaiegemeza na kuifunga kwa mpira, asubuhi nzima ingali mbele yetu. Kisha akasimama tu hapo. Alitaka kungoja treni iondoke. Nikamwambia, "Baba, wateja watakuwa wanakungoja." Akanitazama kidogo, akasema, "Ni kweli," akaenda. Aligeuka mara moja akapunga mkono. Linet na Chesang walikuja baadaye, na nikashukuru Mungu. Kweli, nilimshukuru Mungu.

Safari ilikuwa nzuri. Tulikula karanga, tukapita mahindi yaliyoanza kukauka, Chesang akatueleza habari za dada yake. Sikusema mengi lakini nilikuwa pale, katikati yao.

Leseru kulikuwa na manyunyu. Treni ya Bungoma ilikuwa imeshafika, imesimama upande wa pili. Sisi tulihamia kwanza tukapata dirisha. Gadi, mtu mrefu anayeitwa Kibiwott, alitembea kando ya mabehewa akiita, "Wenye mizigo na baiskeli, hamisheni. Wenye baiskeli." Mzee mmoja akahamisha yake. Mama mmoja akahamisha magunia yake. Nikajiambia, ngoja watu wapungue. Walipopungua nikajiambia, ngoja Linet aangalie kwingine.

Kisha gadi akaishusha yetu mwenyewe, akaisukuma kwenye ile njia ya kokoto, na kengele ikaanza. Kila kokoto, kengele. Watu wakatoa vichwa madirishani.

"Haki, hiyo ni ng'ombe ama ni baiskeli?" Linet alisema.

"Ikamuliwe tuone," akasema Chesang.

Gadi akasimama chini ya dirisha letu hasa, ameshika kamba. "Ng'ombe huyu ni wa nani?" Watu wakacheka zaidi. Akauliza tena, safari hii bila mzaha: "Jamani, mwenyewe yuko wapi? Tunaondoka."

Linet alinigeukia, amejaa kicheko, akingoja nicheke. Nikacheka. Kisha nikasema, na ninaandika maneno yenyewe: "Labda mwenyewe ameionea haya akaikimbia."

Walicheka mpaka Chesang akajifuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza wenzangu kucheka kwa kitu nilichosema mimi.

Treni ikaondoka. Niliiona ikiegemezwa kwenye nguzo, kijani sana kwenye mvua.

Bungoma, senge Agneta na Mukhisa walikuwa wananingoja. Mukhisa alinisalimu huku akiangalia nyuma yangu, kwenye behewa la mizigo. Watu waliposhusha kila kitu na mlango ukafungwa, senge akaniuliza kwa macho tu.

"Baba hajamaliza," nikasema. "Rangi haijakauka."

Jumanne, 4 Agosti

Baba amempigia senge simu. Nilisikia upande mmoja. "Mtoto alifika salama. Eeh. Tunashukuru kwa mtoto." Akahamisha simu sikio la pili. "Haya, salimia nyumbani."

Hesbon alisema, "Si ungemuuliza?"

"Zawadi ya khocha haidaiwi," senge akajibu. "Nikimuuliza ni kama nimemwambia amekula ng'ombe zangu bure."

Nikaelewa kwamba baba naye hawezi kuuliza, kwa sababu anayetoa haulizi kama ameshukuriwa. Sikuwa nimelipigia hesabu hilo. Uongo wangu umepata mahali pa kulala, watu wawili wakubwa wameufunika vizuri kwa adabu zao.

Alhamisi, 6 Agosti

Mvua mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Mukhisa alikwenda kuwaalika watu upande wa Kimilili jana na juzi. Kwa miguu. Amerudi leo, nyayo zimevimba, kidole kimoja kimetoka kucha. Senge alimwekea maji ya chumvi kwenye karai. Mimi ndiye niliyetumwa kuyapasha moto.

Vijana wanaomsindikiza wametunga wimbo, wanauimba wakipita nyuma ya jikoni:

Khocha wa Kitale ana ng'ombe wa upepo,
ukimfunga kamba unafunga hewa.

Hesbon alicheka mpaka akakohoa. Si mtu mbaya. "Huyu shemeji wangu, bana," alisema. "Alikula ng'ombe zetu zote akapata bibi. Sasa anatulipa na ahadi."

"Atakuja," Mukhisa alisema kutoka kwenye karai. "Khocha amesema, atakuja."

Hakuniangalia. Ningependa angeniangalia kwa hasira.

Jumapili, 9 Agosti

Baba aliomba aongee nami. Senge akanipa simu akaenda nje.

"Emmy, uko mzima?"

"Niko mzima."

Nilisikia mtu akigonga chuma nyuma yake. Kisha akauliza, "Barabara za huko ziko namna gani? Zina mashimo?"

Nilijua anachouliza. Nikasema, "Ndiyo, mengi."

"Basi kengele inalia," akasema, akacheka peke yake. Ni kicheko cha mtu aliyefurahi ambaye hataki kuonekana amefurahi. Aliniaga, akaniambia nisome.

Nimejaribu kusoma. Nimesoma ukurasa mmoja tangu mchana.

Jumanne, 11 Agosti

Nimemwambia senge. Alikuwa anachambua mboga. Nilianza na Leseru nikarudi nyuma, nikasahau mambo, nikayarudia. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye yale maneno niliyosema dirishani. Hapo akaweka mboga chini.

"Ulisema hivyo, na kitu ni cha babako."

"Ndiyo, senge."

Nilingoja anipige. Angenipiga ningekuwa nimepumzika. Akasema, "Kesho asubuhi panda treni uende uitafute. Nitakupa nauli. Lakini haya uliyoniambia mimi sijayasikia. Ni ya ndugu yangu. Akiyapata kwangu nitakuwa nimemsema mtoto wake. Mpelekee wewe."

"Na isipokuwepo?"

"Utampelekea bila baiskeli."

Jumatano, 12 Agosti

Ilikuwepo. Nilishuka Leseru nikaiona kabla sijauliza, imefungwa kwa kamba yake kwenye nguzo ya ofisi ya steshoni, chini ya paa, imefunikwa gunia. Gadi Kibiwott alikuwa zamu, anakunywa chai.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo njia nzima: rangi, kengele, nambari ya kadi. Hakuuliza. "Nilijua utakuja," alisema. "Ama atakuja mzazi wako."

"Ulinijua?"

"Siku ile watu wote walikuwa wanaangalia baiskeli. Wewe ulikuwa unacheka na unaangalia viatu vyako." Akamwaga masalio ya chai. "Nina msichana kama wewe. Hataki nivae hii koti nikienda shuleni kwake."

Nikasema asante. Alinisaidia kuipandisha kwenye behewa la mizigo, na safari hii nilikaa humo humo na magunia ya watu, nimeishika usukani. Hakunifukuza.

Bungoma sikuipeleka kwa senge. Zawadi ya khocha lazima itoke mkononi mwa khocha. Niliipeleka kwa kukhu, mama yake baba, ng'ambo ya mto, kwa sababu huko ndiko baba atamvisha Mukhisa nyama. Kukhu haoni vizuri. Alipapasa tumbo la kengele, sijui niiteje ile sehemu, akaitambua.

"Hii ni ya mzee wangu," alisema. "Na hii nyingine ni baisikeri?"

"Ni baiskeli, kukhu."

"Basi ifunge pale kwa mti, isitoroke." Akacheka sana kwa maneno yake mwenyewe. Nikaifunga kwenye mpera.

Jumamosi, 15 Agosti

Nitaandika ya jana kama yalivyotokea.

Baba alifika kwa kukhu karibu saa sita. Nilikuwa kisimani. Alikuwa amevaa koti lake la arusi, na begani amebeba kifua cha ng'ombe kimefungwa kwa majani ya migomba, alichonunua kwa mchinjaji. Niliporudi na ndoo nilimkuta amesimama katikati ya boma, hajaweka mzigo chini. Anaitazama baiskeli kwenye mpera.

Nilidhani atafurahi kuiona. Nilikuwa sijafikiri. Kwetu ng'ombe akikataliwa hurudishwa alikotoka, hufungwa bomani kwa mwenyewe bila neno, na hapo udugu umekwisha. Baba alikuwa anaona ng'ombe aliyerudishwa.

"Waliileta lini?" alimuuliza kukhu.

"Juzi," kukhu akasema. Kwake yeye lilikuwa jibu la kutosha.

Baba akatikisa kichwa polepole. Uso wake ulikuwa mtupu, kama ukuta ulioondolewa picha. "Agneta angeniambia tu kwa simu," alisema. "Wiki mbili ananisalimia vizuri." Akahamisha nyama kwenye bega la pili, akageuka kuelekea njia ya kutokea. Alikuwa anarudi Kitale.

Na mbali, upande wa mto, njuga zilikuwa zimeshaanza kusikika. Mukhisa na watu wake walikuwa wanakuja kuvishwa. Wangemkosa khocha.

Nikaweka ndoo chini, nikakimbia nikasimama njiani mbele yake. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Baba, hawajairudisha. Hawajawahi kuiona."

Nikamwambia. Leseru, gadi, madirisha. Nikamwambia kuhusu rangi ambayo haijakauka, na wimbo wa ng'ombe wa upepo, na kwamba senge alijua tangu Jumanne na alikataa kunisemea. Nikamwambia kwamba shuleni wanadhani ana magari.

"Ulicheka?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

Nilidhani ningeweza kuruka hapo. Nikamwambia maneno yenyewe.

Baba akaweka nyama juu ya jiwe. Akaenda kwenye mpera, akachuchumaa, akazungusha pedali kwa mkono akisikiliza cheni. Alifuta madigadi kwa kiwiko cha lile koti zuri. Kwa muda mrefu nilimwona mgongo tu.

"Imenyeshewa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Siku ile steshoni uliponiambia wateja wananingoja. Nilijua." Akasimama. "Nilijua, lakini nikasema ni mtoto, ataitunza hata kama hanitaki mimi hapo."

Njuga zilikuwa zimekaribia. Tulisikia wimbo waziwazi, khocha wa Kitale, ng'ombe wa upepo. Baba aliusikiliza mpaka mwisho wa ubeti.

"Ni huo?"

"Ni huo."

"Sauti nzuri," alisema, akachukua nyama yake.

Walipoingia bomani walikuwa wengi, Hesbon mbele akiimba kuliko vijana, senge nyuma amejifunika leso. Mukhisa alikuwa amepakwa unga wa wimbi, anachechemea. Walipoiona baiskeli wimbo ukakatika katikati. Hesbon akafungua mdomo aulize. Ingekuwa rahisi kumwacha baba ajibu, au kuacha waamini kwamba rangi imekauka.

Hiki ndicho nilichofanya. Nilifungua kamba kwenye mpera nikaivuta baiskeli mpaka katikati ya watu, kengele ikilia. Nikasema kwamba baba aliimaliza mwezi wa saba, aliilipia nauli ya treni, na mimi ndiye niliyeiacha Leseru kwa sababu niliionea haya, kisha nikawadanganya. Nilisema mara mbili kwa sababu walio nyuma hawakusikia. Mtu mmoja alisonya. Hesbon alisema, "Kumbe," akavua kofia yake mbele ya baba. Nikampa baba kamba. Baba alimvisha Mukhisa nyama shingoni, akamwekea kamba mkononi, na Mukhisa akaitikisa baiskeli kwanza ili asikie kengele. Baba hakuniangalia muda wote huo.

Leo alfajiri Mukhisa ametahiriwa. Alisimama bila kupepesa jicho.

Mchana, watu walipokuwa wanakula, nilimwomba senge simu. Nambari ya Linet ninaijua kwa kichwa. Baba alikuwa ameketi karibu na mlango na angeweza kunisikia, nami sikusogea.

"Niaje, Emmy," Linet alisema nilipojitaja.

"Ile baiskeli ya Leseru ni yetu," nikasema. "Baba yangu ndiye aliyeitengeneza. Ni fundi baiskeli Tuwan, kando ya barabara."

Sikukata simu. Nilingoja ajibu.